Kuigeuza skripti ya Python yenye klasi kuwa dimoni ya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuandika skripti ya Python yenye klasi, ikakubali kwenye terminali, na sasa anataka iendelee yenyewe kwenye seva hata akifunga kompyuta yake na kwenda zake nyumbani. Mfano ni mmoja kote: skripti inayosoma foleni ya jumbe fupi kwenye hifadhidata na kuzituma, mathalani chama cha akiba na mikopo kinapowakumbusha wanachama tarehe ya marejesho.

Msimamo wetu tuuseme mapema: kazi ya klasi yako ni kutuma jumbe. Kwenda nyuma ya pazia ni kazi ya mfumo endeshi. Shida nyingi zinazoulizwa hapa huanza pale mambo haya mawili yanapochanganywa ndani ya klasi moja.

Dimoni ni nini, kwa kifupi?

Ni mchakato unaoishi muda mrefu bila terminali na bila mtu wa kuutazama, ukisubiri kazi na kuifanya. Seva ya tovuti ni dimoni, sshd ni dimoni, cron ni dimoni. Si aina ya pekee ya programu. Ni mchakato kama mwingine wowote, ila umekatwa kamba zilizoufunga kwenye kikao cha mtu aliyeuwasha.

Nimeweka alama ya & mwishoni mwa amri. Kwani haitoshi?

Inatosha kwa muda mfupi. Alama hiyo inakurudishia terminali uandike amri nyingine, basi. Mchakato bado ni wa kikao kilekile na bado unaandika kwenye terminali ileile. Muunganisho wa SSH ukikatika, kuna uwezekano mkubwa upokee ishara ya SIGHUP, taarifa kwamba terminali imefungwa, na kufa.

Kwa `nohup` ishara hiyo inapuuzwa na matokeo yanaelekezwa kwenye faili la nohup.out. Kwa `tmux` au `screen` unapata terminali bandia isiyofungwa ukiondoka. Zote ni zana nzuri kwa kazi ya usiku mmoja, kama kunakili mafaili makubwa. Upungufu wake ni kwamba hakuna anayejua programu imekufa. Skripti ikianguka usiku wa manane, au umeme ukikatika na seva ikawaka upya, hakuna wa kuiinua. Utapata habari kutoka kwa mwanachama ambaye hakukumbushwa.

Klasi yangu irithi klasi ya Daemon?

Hapana, na hapa tutakaa kidogo.

Kuna kipande cha msimbo kinachozunguka mitandaoni miaka mingi: klasi ya msingi iitwayo Daemon, yenye `start`, `stop`, `restart` na `run`. Unairithi, unaandika `run` yako, umemaliza. Kinafanya kazi, na kilikuwa na maana kamili enzi za skripti za /etc/init.d, ambapo kila programu ililazimika kujipeleka nyuma yenyewe. Leo hali ni nyingine. Red Hat Enterprise Linux tangu toleo la 7 la mwaka 2014, Debian tangu toleo la 8 na Ubuntu tangu 15.04, zote mbili za mwaka 2015, huja na systemd, programu inayowasha na kulea huduma za seva, nayo inataka programu ikae mbele, isijifiche, ili iweze kuilea.

Kuna pia hoja ya muundo. Ukirithi, unadai kwamba mtuma jumbe ni aina ya dimoni. Sivyo. Mtuma jumbe ni mtuma jumbe, awe anaendeshwa na systemd, ndani ya kontena, kwenye Windows, au na jaribio dogo unaloliandika mezani. Klasi iliyorithi Daemon haikubali kujaribiwa kirahisi: ukiigusa tu, inajigawa (inazaa nakala yake) na kukukimbia.

Hata waliotaka jambo hili liingie ndani ya Python yenyewe hawakutaka urithi. Ben Finney alipendekeza mwaka 2009, katika PEP 3143 (hati ya mapendekezo ya Python), maktaba rasmi ya dimoni. Pendekezo liliahirishwa, lakini maktaba ya python-daemon ipo PyPI, ghala la maktaba za Python, na inachotoa ni `DaemonContext` unayoifungua kwa `with`; klasi yako inafanya kazi ndani yake bila kujua lolote.

Umbo tunalolipendekeza ni hili:

```python
import logging
import signal
import sqlite3
import threading

logi = logging.getLogger("mtuma_jumbe")


class MtumaJumbe:
    def __init__(self, njia, pumziko=10):
        self.njia = njia
        self.pumziko = pumziko
        self.simama = threading.Event()
        self.db = None

    def fungua(self):
        self.db = sqlite3.connect(self.njia)

    def funga(self):
        if self.db is not None:
            self.db.close()

    def tuma(self, namba, ujumbe):
        ...  # hapa unaita huduma yako ya jumbe

    def hatua_moja(self):
        safu = self.db.execute(
            "SELECT id, namba, ujumbe FROM foleni "
            "WHERE umetumwa = 0 LIMIT 20"
        ).fetchall()
        for kitambulisho, namba, ujumbe in safu:
            if self.simama.is_set():
                return
            self.tuma(namba, ujumbe)
            self.db.execute(
                "UPDATE foleni SET umetumwa = 1 WHERE id = ?",
                (kitambulisho,),
            )
            self.db.commit()

    def endesha(self):
        self.fungua()
        try:
            while not self.simama.is_set():
                try:
                    self.hatua_moja()
                except OSError:
                    logi.exception("Mtandao umegoma, tutarudia")
                self.simama.wait(self.pumziko)
        finally:
            self.funga()


def kuu():
    logging.basicConfig(level=logging.INFO)
    kazi = MtumaJumbe("/var/lib/mtuma-jumbe/foleni.db")

    def pokea(namba, fremu):
        kazi.simama.set()

    signal.signal(signal.SIGTERM, pokea)
    signal.signal(signal.SIGINT, pokea)
    kazi.endesha()


if __name__ == "__main__":
    kuu()
```

Tazama mgawanyo wake. `hatua_moja` ndiyo kazi yenyewe. Unaweza kuijaribu kwa hifadhidata ya `:memory:` bila kusubiri sekunde hata moja. `endesha` ni kitanzi. Ishara zinashughulikiwa nje ya klasi, ndani ya `kuu`, kwa sababu Python inaruhusu `signal.signal` kwenye uzi mkuu (main thread) pekee. Ukiificha ndani ya klasi, siku utakapoitumia klasi hiyo kwenye uzi mwingine itakurushia ValueError.

Neno moja kuhusu `except OSError`. Tumekamata hitilafu tunayoitarajia, ya mtandao, na kuziacha nyingine zianguke. Wengi huweka `except Exception: pass` wakidhani ndiyo uimara. Matokeo yake ni dimoni iliyo hai kwenye orodha ya michakato na isiyofanya chochote, na hiyo ni ngumu kuigundua kuliko iliyokufa. Iache ianguke, mlezi yupo.

Kwa nini msiunganishe hifadhidata ndani ya `__init__`?

Kwa sababu ya kinachotokea mchakato unapojigawa. `fork` inazaa mtoto anayerithi kila kitu kilichofunguliwa na mzazi, soketi na mafaili vilevile. Ukiunganisha PostgreSQL au MySQL kwenye `__init__`, kisha ukajigawa, mzazi na mtoto wanashika soketi moja. Mzazi akitoka kwa utaratibu anaweza kuuaga muunganisho, na mtoto anabaki ameshika simu iliyokatwa. SQLite nayo inakataza waziwazi kuubeba muunganisho uliofunguliwa kupita `fork`.

Nyuzi ni balaa zaidi. Baada ya `fork`, uzi ulioita ndio pekee unaoendelea kwa mtoto. Nyingine zote zimetoweka, na kama mmoja wao alikuwa ameshika kufuli, kufuli hilo halitafunguliwa kamwe. Tangu Python 3.12, `os.fork` inatoa onyo ikiona mchakato una nyuzi zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo `__init__` ihifadhi mipangilio tu: njia, namba, majina. Vyote vinavyogusa dunia ya nje vifunguliwe kwenye `fungua`. Hata kama hujigawi leo, tabia hii itakusaidia siku utakapotumia multiprocessing.

Kujigawa mara mbili ni kitu gani, na bado kunahitajika?

Ukitumia systemd, hakuhitajiki. Lakini utakutana nako kwenye misimbo ya zamani, kwa hiyo ni vizuri kujua kila hatua inafanya nini.

Kwanza mchakato unajigawa na mzazi anatoka, ili terminali iachiwe. Mtoto anaita `setsid` na kuwa kiongozi wa kikao kipya kisicho na terminali. Kisha anajigawa tena na kutoka. Mjukuu si kiongozi wa kikao, kwa hiyo hawezi kujipatia terminali kwa bahati mbaya akifungua kifaa cha aina hiyo. Mjukuu anahamia folda ya `/` ili asizuie diski kuondolewa, anaweka umask (kinachobana ruhusa za mafaili mapya), na anaelekeza njia namba 0, 1 na 2 (ya kusoma, ya kuandika na ya makosa) kwenye /dev/null.

Makosa matatu yamejaa kwenye nakala zinazozunguka. La kwanza ni `os.umask(0)`, inayoacha kila faili jipya wazi kwa uandishi wa yeyote kama programu yenyewe haikubana ruhusa. Weka 0o022 au 0o027. La pili ni kubadilisha `sys.stdout` pekee. Hiyo ni objekti ya Python tu. Njia halisi ya keneli inabaki wazi, na ndiyo sababu SSH wakati mwingine inaganda ukijaribu kutoka. Tumia `os.dup2`. La tatu ni mzazi kutoka kwa `sys.exit`, inayoendesha usafi wote wa mwisho na kumwaga tena maandishi yaliyokuwa yakisubiri. Ukiona mstari uleule umeandikwa mara mbili kwenye logi, anza kutafuta hapo; mzazi atoke kwa `os._exit(0)`.

Faili la systemd likoje?

Hili hapa lote. Liweke kwenye /etc/systemd/system/mtuma-jumbe.service:

```ini
[Unit]
Description=Mtuma jumbe za foleni
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Type=simple
User=mjumbe
WorkingDirectory=/opt/mtuma-jumbe
EnvironmentFile=/etc/mtuma-jumbe.env
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
StateDirectory=mtuma-jumbe
ExecStart=/opt/mtuma-jumbe/venv/bin/python mtuma_jumbe.py
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now mtuma-jumbe
```

`enable` ndiyo inayohakikisha inawaka seva ikiwaka. Ukiisahau, kila kitu kitaonekana sawa mpaka siku umeme utakapokatika. `StateDirectory` inakutengenezea /var/lib/mtuma-jumbe na kumkabidhi mtumiaji mjumbe, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na chown. Mtumiaji huyo umtengeneze mwenyewe kwanza, asiwe na uwezo wa kuingia, na asiwe root. Skripti ya kutuma jumbe haina sababu yoyote ya kuendeshwa na root.

Faili la .env ndilo mahali pa ufunguo wa huduma ya jumbe. Lipe ruhusa ya 600 na mmiliki root. Systemd inalisoma kabla ya kushuka cheo na kuwa mjumbe, kwa hiyo dimoni itapata thamani zake bila kuweza kulifungua faili lenyewe.

Type iwe simple au forking?

Kama umefuata umbo la hapo juu, `simple`. `forking` ni ya programu zinazojigawa zenyewe.

Kuzichanganya kunaleta dalili mbili ambazo zimewachosha wengi. Ukiandika `forking` na skripti haijigawi, `systemctl start` inaganda, inasubiri sekunde 90, kisha inaiua skripti iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kabisa. Ukiandika `simple` na skripti inajigawa, systemd inaona mchakato mkuu umetoka, inahesabu kazi imekwisha, na inawasafisha watoto wote waliobaki kwenye kundi la michakato la huduma hiyo. Logi haina kosa hata moja, na dimoni haipo.

Nikiizima inachukua dakika moja na nusu. Kwa nini?

Kwa sababu haisikii. `systemctl stop` inatuma SIGTERM, inasubiri sekunde 90 kwa chaguo-msingi, halafu inatuma SIGKILL, ambayo hakuna mchakato unaoweza kuikataa.

Mara nyingi mkosaji ni `time.sleep`. Tangu Python 3.5, ishara ikija katikati ya usingizi na kishughulikia-ishara chako hakikurusha hitilafu, Python inarudi kulala kumalizia muda uliobaki. Ulilala sekunde 300? Utasubiri. Ndiyo maana mfano wetu unatumia `Event.wait`: `simama.set()` inaukata usingizi hapohapo. Ndani ya kishughulikia-ishara weka bendera tu. Usitume, usifunge hifadhidata, usiandike logi ndefu. Huwezi kujua msimbo wako ulikuwa katikati ya nini ishara ilipoingia.

Ikiuawa katikati ya kazi, mwanachama atapata ujumbe mara mbili?

Anaweza. Umeme ukikatika baada ya `tuma` na kabla ya `commit`, foleni itasema ujumbe haujatumwa, na dimoni ikiwaka utakwenda tena. Ukigeuza mpangilio, kuweka alama kwanza kisha kutuma, utapata kinyume chake: ujumbe ulioandikwa umetumwa na haukwenda popote. Hakuna namna ya kupanga mistari hiyo miwili ikaondoa mianya yote miwili.

Chagua kwa kutazama madhara. Kumbusho la marejesho likija mara mbili, mtu atakereka kidogo. Lisipokuja, atachelewa kulipa. Basi tuma kwanza. Lakini kama dimoni yako inatuma pesa badala ya maneno, usithubutu. Hapo weka hali ya tatu, "inatumwa", uiandike kabla ya kutuma, ubebe namba ya kipekee ya muamala ambayo upande wa pili unaitambua, na dimoni ikiwaka na kukuta safu ya "inatumwa" iulize upande wa pili kwanza kabla ya kurudia.

`print` zangu zimepotea wapi?

Hazijapotea, zimekwama. Python ikiona haiandiki kwenye terminali inakusanya maandishi mpaka yajae ndipo iyamwage. `PYTHONUNBUFFERED=1` inaondoa hilo. Soma logi kwa:

```
journalctl -u mtuma-jumbe -f
```

Kwa kazi ya kudumu tumia `logging` badala ya `print`, na uiache iandike kwenye njia yake ya kawaida; journald, mtunza logi wa systemd, itahifadhi, itaweka saa na itafuta ya zamani. Hakuna haja ya kufungua faili lako la logi isipokuwa una sababu. Na usiandike namba za simu za wanachama humo.

Inahitaji faili la PID (la kuhifadhi namba ya mchakato)?

Kwa systemd, hapana. Inamjua mtoto wake.

Nje ya systemd watu huliweka ili kuzuia nakala mbili zisiendeshwe pamoja, na hapo ndipo shida inapoanza. Umeme ukikatika, faili linabaki na namba ya mchakato uliokufa. Seva ikiwaka, namba hiyo inaweza kuwa imepewa mchakato mwingine kabisa. Skripti inakataa kuwaka ikidhani mwenzake yupo, au mbaya zaidi, `stop` inaua mchakato wa watu.

Tumia kufuli la keneli. Lenyewe linaachiwa mchakato ukifa, kwa namna yoyote ile:

```python
import fcntl

def shika_kufuli(self):
    self.kufuli = open("/run/lock/mtuma-jumbe.lock", "w")
    fcntl.flock(self.kufuli, fcntl.LOCK_EX | fcntl.LOCK_NB)
```

`self.` hapo si mapambo. Ukiandika `kufuli = open(...)` kama jina la ndani, methodi ikiisha Python inalifunga faili, na kufuli linakwenda nalo. Nakala ya pili itawaka bila kipingamizi. Nakala ya pili ikikutana na kufuli lililoshikwa, inarushiwa BlockingIOError. Ikamate, andika mstari mmoja, toka.

Mchana inafanya kazi, asubuhi naikuta imekufa. Tatizo nini?

Kama unatumia MySQL, karibu hakika ni ukimya wa usiku. MySQL inaukata muunganisho usiotumika kwa sekunde 28800, yaani saa 8, kwa chaguo-msingi. Ombi la kwanza la asubuhi linakutana na kosa namba 2006. Dimoni inayouliza foleni kila sekunde 10 haitaliona. Inayosubiri kazi italiona kila wikendi. Fungua muunganisho kwa kila mzunguko wa kazi na uufunge. Gharama yake ni ndogo kuliko usumbufu wa kuulinda.

Kama si hilo, tazama memori. Skripti ya dakika mbili inaweza kuweka kila kitu kwenye `self.historia` bila madhara. Dimoni ya miezi haiwezi. Kagua kila orodha na kamusi iliyo kwenye `self` na ujiulize ni nani anayeifuta. Ukiwa bado unatafuta, `MemoryMax=200M` kwenye faili la systemd itazuia isiilemee seva nzima.

Inawaka, inakufa, inawaka, kisha systemd inakataa kabisa.

Umefika kikomo: kwa chaguo-msingi, kuwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Bila `RestartSec`, systemd inasubiri milisekunde 100 tu, kwa hiyo kosa la tahajia kwenye mipangilio linamaliza nafasi zote kwa kufumba na kufumbua. Rekebisha kosa, kisha `systemctl reset-failed mtuma-jumbe`. Kwa `RestartSec=5` kikomo hicho hakifikiwi na itajaribu milele, jambo ambalo ndilo unalotaka mtandao ukiwa unakatika na kurudi.

Jumbe za saa mbili asubuhi zinatoka saa tano.

Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, na Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Ongeza `Environment=TZ=Africa/Nairobi`, au Africa/Dar_es_Salaam, ni saa ileile. Na kama ratiba inajazwa na watu wa ofisini, hakikisha fomu inaonyesha 08:00, maana atakayeambiwa aandike saa ataandika 2.

Nimeweka `daemon=True` kwenye Thread. Si ndiyo hiyohiyo?

Hapana. Hiyo inaiambia Python isiusubiri uzi huo programu inapoisha. Haiukati kwenye terminali wala haiupeleki popote. Na kwa kuwa uzi wa aina hiyo hukatwa ghafla, usiupe kazi ya kuandika kwenye hifadhidata.

Kazi yangu ni mara moja kwa saa. Nahitaji dimoni kweli?

Huhitaji. Tumia cron (mwendesha ratiba wa Linux) au timer ya systemd, skripti iwake, ifanye `hatua_moja`, itoke. Huna memori ya kuvuja wala muunganisho wa kuzeeka. Ukihofia mzunguko mmoja kuukuta mwingine haujaisha, anza amri yako kwa `flock -n`. Hii pia ndiyo njia ya walio kwenye kukodi nafasi ya pamoja, ambako michakato ya kudumu kwa kawaida hairuhusiwi.

Na Docker, Windows, Mac?

Docker: kaa mbele, usijigawe. Mchakato namba 1 ndani ya kontena hauuawi na SIGTERM kama haukuweka kishughulikia-ishara, na `docker stop` husubiri sekunde 10 kabla ya kuua kwa nguvu. Skripti yetu inashughulikia hilo tayari, mradi amri uiandike kwa umbo la orodha, si kama sentensi inayopitia shell.

Windows haina `fork`. Maktaba ya pywin32 inakutaka urithi `ServiceFramework`. Tengeneza klasi ndogo inayorithi, na ndani yake `SvcDoRun` iite `endesha` na `SvcStop` iite `simama.set()`. MtumaJumbe haiguswi. Mac ina launchd, nayo haitaki programu ijigawe.

Nimefanya yote, bado haiwaki. Nianzie wapi?

`systemctl status mtuma-jumbe`, utazame namba ya kutoka. 203 maana yake njia ya `ExecStart` si sahihi au faili haliwezi kuendeshwa. Mara nyingi ni folda ya venv (mazingira ya Python ya mradi) iliyohamishwa. 217, mtumiaji hayupo. 200, `WorkingDirectory` haipo. Namba 1 ni kosa la Python lenyewe, na maelezo yake yako kwenye `journalctl -u mtuma-jumbe -n 50`.

Kama logi haikuambii kitu, iendeshe kwa mkono ukiwa mtumiaji yuleyule, siyo wewe:

```
cd /opt/mtuma-jumbe
sudo -u mjumbe venv/bin/python mtuma_jumbe.py
```

Kwa namna hii faili la .env halisomwi, kwa hiyo kosa la kukosa ufunguo hapa ni la kawaida. Lakini kosa la ruhusa ya kusoma msimbo au kuandika kwenye /var/lib litajitokeza mbele ya macho yako, na Ctrl+C itaisimamisha kwa adabu kwa sababu SIGINT tulishaipangia.